Meza ya Mwinjilisti

Meza imefika jana mchana. Imeletwa na Fuso la mahindi kutoka Igamba, imelazwa miguu juu kwenye magunia, na utingo alipoishusha hapa Tunduma aliigonga kwa kidole, akaniuliza ina dhahabu gani mpaka isafirishwe wakati mafundi wamejaa mpaka barabarani. Nilimwambia ashushe tu, maneno aniachie mimi. Ni meza ya mbao za mkaratusi, nzito, imepigwa randa na mtu mwenye haraka, na mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mingine. Aliyeitengeneza alikuwa mwinjilisti mzuri na seremala mbaya, na hakuna aliyethubutu kumwambia hilo la pili. Alikuwa baba mkwe wangu. Tulimzika mwezi uliopita, na watoto walipokaa kugawana vitu vyake, mama mkwe akasema meza isiguswe, marehemu alishasema ni ya Edina. Edina ni mimi. Kwenye meza hiyo nilikula sehemu kubwa ya mwaka mmoja nilipokuwa msichana, halafu sikukaa tena hata mara moja, ingawa niliolewa katika nyumba hiyo hiyo.

Jana jioni mume wangu, Gwakisa, aliiweka katikati ya sebule, akakunja kipande cha boksi na kukisukuma chini ya ule mguu mfupi. Salome, mke wa mwanetu, akaleta ugali na mboga, akatunawisha, halafu akachukua sahani yake na kurudi nayo jikoni, kama anavyofanya tangu alipokuja kuishi hapa. Mume wake ni dereva wa lori, muda mwingi yuko ng'ambo huko Zambia, kwa hiyo nyumbani tunabaki watatu, na kati ya hao watatu mmoja anakula na masufuria. Salome ni Mnyiha wa Hasamba. Shangazi zake walimfunda kabla hajaja kwamba anaolewa kwa Wandali, na kwa Wandali mke wa mtoto humwogopa baba mkwe: hakai naye, hali naye, hamtazami usoni. Niliuona mgongo wake ukiingia jikoni na sahani, nikajiona mimi. Chakula kilinishinda. Nikasingizia tumbo, na leo mchana kutwa niliizunguka meza hii bila kukaa, mawazo yote yako Igamba.

Nilikwenda Igamba mwaka ule sabuni iliporudi madukani. Aliyekuwepo anaujua. Tulikuwa tumefua kwa majani ya mpapai mpaka tukayazoea, halafu ghafla ruhusa ikatoka watu walete bidhaa, na Tunduma ikafurika mablanketi, mafuta na miche ya sabuni. Mimi nilipanda basi na mche mmoja nimeuvingirisha kwenye gauni, zawadi ya kumpelekea mwenyeji wangu. Nilikuwa nakwenda kujifunza cherehani kwa mke wa mwinjilisti, Mama Gwakisa, ambaye alijifunzia ushonaji Mbozi Mission akiwa binti na sasa alifundisha wasichana barazani kwake. Nilipewa kitanda katika chumba cha binti zake wawili wadogo, chumba ambacho nusu yake ilikuwa stoo ya kahawa, na mpaka leo nikinusa gunia la kahawa usingizi unanijia. Sebule ilikuwa na viti vilivyovalishwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya mwaka uliopita, redio iliyofunikwa taulo, na katikati hiyo meza. Jiko liligusana na sebule kwa ukuta mmoja wa matofali, ila mlango wake ulitazama uani ili moshi usiwasumbue wageni.

Siku ya kwanza nilipakua chakula, nikapeleka sebuleni, kisha nikarudi jikoni na sahani yangu kutafuta kigoda. Ndivyo nilivyojua mimi: mwanamume anakula kwake, wanawake na watoto wanakula kwao. Nikasikia sauti nzito ya mwinjilisti ikitoka ndani: "Nani huyo anakula na masufuria?" Mama Gwakisa akacheka, akanishika mkono. Nilipoingia, yule mzee, ambaye siku hizo hakuwa mzee hata kidogo, alikuwa ameshavuta kiti. "Mwanangu," akasema, "kiti chako hiki hapa." Tulikula ugali na majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Nyama ilikuwa kidogo na iligawanywa vipande vilivyolingana, kuanzia kwa mtoto. Mama Gwakisa aliponipa kipande changu nilisema "Natotela," neno la shukrani la upande wa pili wa mpaka, linalomtoka mtu wa Tunduma hata usingizini. Wale mabinti wakaangua kicheko. Mwinjilisti akalirudia taratibu, akaliona tamu, na tangu siku ile nyumba nzima ya Wandali ikawa inashukuru Kibemba.

Kisha akauliza. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliuliza kila jioni, mvua inyeshe jua liwake, akianza na mdogo na kumalizia kwa mkewe. "Leo umeona nini?" Hakutaka kujua umefanya nini, wala umeambiwa nini. Alitaka ulichokiona kwa macho yako, na hakuna aliyeruhusiwa kukukatisha. Binti mdogo alimwona kuku akinywa maji na kutazama juu kila akimeza. Zamu yangu ilipofika nikasema sijaona kitu, nilikuwa safarini. "Safarini ndiko kwenye kuona," akasema, akasubiri. Ikabidi nitafute. Nikamweleza juu ya mama mmoja kwenye basi aliyepakata saa ya ukutani, saa yenyewe inagonga kila mara, na kila ikigonga dereva anashika breki akidhani kuna mtu anashuka. Mwinjilisti alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Nitasema wazi: kabla ya jioni ile hakuna mtu mzima aliyewahi kunyamaza ili mimi niseme. Nilikuwa na miaka kumi na minane na niligundua kwamba nina macho.

Jumamosi alasiri walikuja wachumba. Kanisa lilikuwa limempa kazi ya kuwafundisha vijana kabla ya ndoa, na darasa lenyewe lilikuwa ile sebule. Walikaa kwenye benchi wameachana nafasi ya mtu mmoja, binti anatazama chini, kijana anatazama kalenda. Mimi niliingia na kutoka na birika la chai, na nilijifunza kuimimina polepole kuliko inavyohitajika. Kijana mmoja aliuliza mke akikosea afanyweje. "Wewe ukikosea yeye hukufanyaje?" mwinjilisti akauliza. Kijana akasema bado hajakosea. "Basi ngoja ukosee kwanza, umtazame anavyofanya, ndipo na wewe ujue." Kuhusu watoto alisema mtoto aliyekosa alishwe kwanza, aonywe baadaye, kwa sababu mwenye njaa hasikii. Alisema usimwambie mtoto anyamaze kabla hujajua alitaka kusema nini. Na kila Jumamosi alirudia lile lake: kwamba baba anayekula peke yake ni mgeni, hata kama nyumba kaijenga mwenyewe, kwa hiyo kila atakayemaliza darasa hili atafute mbao atengeneze meza. Mama Gwakisa, akipita na nguo za kushona, aliongeza kwamba watafute na fundi. Wachumba walicheka kwa woga, wakitazama ule mguu uliowekewa kifuniko cha kopo.

Hakuwa malaika, nisije nikampamba. Alisali mrefu mpaka ugali ukaota ngozi. Aliimba vibaya na kwa nguvu. Akibishiwa jambo alilolifikiria mwenyewe alinuna siku nzima, na alikunywa chai kwa mvumo uliosikika mpaka barazani. Lakini baada ya miezi michache nilikuwa najipata mchana, niko kwenye cherehani au natoka mtoni, natazama vitu ili nimpelekee mezani. Niliona ng'ombe wa jirani amesimama kivulini mwa nguo zilizoanikwa. Niliona wazee wawili wanagombea kulipia chumvi. Nilivibeba mpaka jioni, naogopa visinimwagike. Siku hizi naona vitu vingi tu, hapa mpakani kuna vituko vya kutosha, na vingine ni vizuri sana. Vinapita. Sina wa kumpelekea.

Mavuno ya kahawa yalipoanza, Gwakisa alirudi kutoka chuo cha kilimo kuja kusaidia. Nilikuwa namjua kwa picha tu, ile iliyobandikwa juu ya redio. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mikono inayojua kazi, na siku ya pili tu alikuwa ameshaifungua mashine ya kumenyea kahawa, ameisafisha na kuirudishia bila kubakiza nati. Mezani alikaa mkabala nami. Baba yake alipomuuliza leo ameona nini, alijibu "Mvua." Kesho yake, "Ukungu." Wadogo zake walimzomea kwamba anadanganya mchezo. Mimi na yeye tulizungusha mashine kwa zamu, tukatandaza kahawa kwenye vichanja, tukaikusanya mbio wingu likitanda, na kuongea tuliongea kidogo sana, lakini nilianza kujua alipo bila kugeuka. Jioni moja, zamu yake ilipofika, akasema, "Nimemwona Edina anageuza kahawa. Alikuwa anaimba, akaniona, akaacha. Nimejuta kupita pale." Ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema mezani. Wale mabinti wakafinyana. Mama Gwakisa akainamia sahani. Mimi nilimtazama mwinjilisti nikitegemea atacheka, lakini hakucheka. Alinitazama muda, kwa macho ya mtu anayesindikiza basi, halafu akasema tumshukuru Mungu kwa chakula.

Nilidhani amechukia. Nilidhani ananiona msichana wa Tunduma asiyefaa kwa mwanawe, na kwa siku kadhaa nilikula kwa shida. Mama Gwakisa ndiye aliyenifungua macho, tukiwa tunachambua kahawa uani. "Gwakisa ameniambia anataka kukuposa," alisema. "Na wewe?" Nadhani uso wangu ulijibu. "Basi lazima ujue. Ukimkubali, mezani unatoka."

"Natoka wapi, mama?"

"Mezani. Siku wakileta kishika uchumba, mzee anakuwa mkwe wako. Hutakula naye tena. Hutaongea naye. Ukimsikia anakuja utapisha njia, na jina lake hutalitaja. Ni hivyo mpaka mmoja wenu azikwe."

Mimi ni Mnamwanga, kwetu mkwe anaheshimiwa lakini si kwa namna hiyo. Nikasema si yeye mwenyewe anayefundisha watu kula meza moja.

"Ndiyo maana siku hizi hapati usingizi," Mama Gwakisa akasema, akaendelea kuchambua.

Nilitaka vitu viwili tu na vyote vilikuwa chini ya bati moja: nilimtaka Gwakisa, na nilitaka kiti changu. Nikajipa moyo kwamba mwinjilisti atakataa. Mtu aliyesimama mbele ya wachumba wote wale Jumamosi zote zile, ataanzaje kumrudisha jikoni mke wa mwanawe? Nilimngoja aseme. Naamini na yeye alikuwa anajingoja.

Kaka yake alikuja kutoka Ileje, kwao Wandali, akiwa na fimbo na koti zito, akapokelewa kwa ndizi na maziwa ya mgando. Mimi nilikuwa jikoni, na ule ukuta haukuzuia sauti. Walianza kwa habari za mama yao, ambaye alikuwa anazeeka na kuugua mara kwa mara, kisha nikasikia mwinjilisti akisema kwamba anafikiria kumwacha mke wa Gwakisa akae mezani. Yule kaka hakugomba, na laiti angegomba ingekuwa rahisi.

"Unakumbuka kovu la mama, la gotini?" aliuliza.

"Nalikumbuka."

"Alilipata siku alipokutana na babu yetu njiani, njia nyembamba, mtungi kichwani. Akajitupa kwenye miamba ili asimkabili mkwe wake. Mimba ilikuwa juu yake. Mimba yako wewe."

"Najua, kaka."

"Amefanya hivyo maisha yake yote na akaita heshima. Sasa wewe umkalishe binti mezani, mle naye, mcheke, na habari zifike Ileje. Utakuwa umemwambia mama nini? Kwamba alikuwa mjinga. Kwamba damu ile ilikuwa ya bure."

"Kanisani nafundisha watu—"

"Kanisani fundisha. Mimi nakuuliza habari za mama."

Nilisimama na mwiko mkononi. Ugali uliungua chini, naukumbuka ule moshi. Kisha nikamsikia mwinjilisti akisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nimekusikia, kaka."

Kesho yake aliniita kwenye vichanja, mchana kweupe, mahali ambapo kila mtu anaona. Aligeuzageuza kahawa ambayo ilikuwa imeshageuzwa. "Mwanangu," akasema, "Mungu ameamuru niwaheshimu wazazi, na nyumba yangu nimeambiwa niilee kwa upendo. Siku zote nilifundisha kwamba hayo mawili yanakwenda pamoja. Kwako wewe yamenishinda kuyapatanisha." Nikamwambia naweza kumkataa Gwakisa. Akatikisa kichwa. "Ukimkataa, utakaa mezani mpaka umalize cherehani, halafu utarudi Tunduma, na nitakukosa. Ukimkubali, utakaa hapa hapa, na nitakukosa. Mimi sina langu hapo. Wewe chagua lako." Nililia mbele yake bila kuficha uso, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho uso wangu kuwa wazi kwake kwa ukaribu ule.

Nilimchagua Gwakisa. Sijajuta, na namwandika hivi akiwa hai ili asome. Lakini jioni ya mwisho kabla wazee hawajaja na kishika uchumba, Mama Gwakisa alichinja kuku, akapika na ndizi, na sote tulijua ni kwa ajili gani. Mwinjilisti alisali mfupi. Alianza na binti mdogo kama kawaida, akaja kwa mkubwa, akaja kwa Gwakisa, ambaye alisema hakuona kitu isipokuwa barabara. Kisha akanigeukia. "Edina, leo umeona nini?" Nilikuwa nimeviona vitu tele siku ile, nilikuwa nimekitazama kila kitu katika nyumba ile kwa makusudi: kovu la maji ya moto kwenye mbao mbele yangu, vidole vyake vinavyofinyanga tonge, miwani iliyofungwa uzi. "Sijaona kitu, baba," nikasema. Alinisubiri kidogo, kama siku ya kwanza, lakini sikuweza. "Haya," akasema. "Hilo nitalisubiri." Akamuuliza mkewe, na mkewe akasema ameona kuku amechinjwa vibaya, tukacheka ili tusilie.

Baada ya hapo nilijifunza kuogopa. Nilijifunza kikohozi chake cha kutangulia ili nipate kupisha, nilijifunza kuinama nyuma ya ghala, kushika njia ya shambani kuzunguka. Tulifunga ndoa mwisho wa mwaka, baada ya matangazo kusomwa kanisani, na tukapewa chumba kile kile cha kahawa mpaka Gwakisa apate kazi. Chakula nilipika, mabinti wakapeleka. Kelele za mezani nilizisikia kupitia matofali, kicheko kikitoka sijui kwa sababu gani. Wiki moja ikapita hivyo. Kisha siku moja, ninarudi shambani, nikakuta vumbi jikoni na matofali mawili chini. Mwinjilisti alikuwa ametoboa ukuta. Ilikuwa dirisha dogo, upana wa sinia, limepinda kama kila alichokitengeneza, na upande wa sebuleni limening'inizwa kitambaa cha kufuma cha mmoja wa viti. Mama Gwakisa alisema ni la kupitishia vyakula, visipoe njiani.

Jioni nilisukuma bakuli la maharage chini ya kitambaa, nikarudi nyuma. Likavutwa. Nikasikia, karibu kabisa, "Natotela." Nikashika ukuta. Wengine wakaulizwa, wakajibu, na mwisho nikasikia kiti chake kikigeuzwa. "Na wewe ukuta," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "leo umeona nini?" Hakuongea na mkwe wake. Hakuna mila ya Ileje inayomkataza mwanamume kuongea na ukuta wake. Nilikaa kwenye kigoda, nikamtazama mpishi mwenzangu, ambaye ni sufuria, nikaliambia sufuria kwamba leo nimeona mbwa wa katekista amelala kwenye kivuli cha punda, na punda anasogea polepole asimwamshe. Upande wa pili kicheko kililipuka, na nikajua kwamba miwani imevuliwa. "Mume wangu sasa anaongea na kuta," Mama Gwakisa alisema. "Tumwombee." Tuliishi hivyo miezi kadhaa. Lile la jioni ya kuku hakuniuliza tena, na mimi sikulisema.

Halafu Gwakisa akapata kazi huku Tunduma, tukahama. Tulizaa mtoto wa kiume tukampa jina la babu yake, na kwa kuwa jina lile halitamkiki kinywani mwangu, nimemwita Babu mpaka leo ana mke. Tulikwenda Igamba Krismasi, na dirisha lilikuwepo, kitambaa kilikuwepo, lakini mtu hawezi kuyamwaga ya mwaka mzima kwenye bakuli moja. Simu za mkononi zilipofika nikafurahi, maana wazee hawakuwa wameziwekea sheria. Siku ya kwanza alipopiga nikapokea, nikasikia ile sauti ndani ya sikio langu, hakuna tofali, hakuna kitambaa, nikashtuka nikamtupia mtoto simu na kukimbilia uani. Mama yao wa Ileje alipofariki, mwinjilisti alituma neno kwamba sasa meza ipo, nije nikae. Tulikwenda. Nilivuka uwanja nikafika mlangoni pa sebule, na miguu ikakataa. Ndani nikasikia kiti kikisukumwa na mlango wa nyuma ukifunguliwa: naye, aliposikia hatua zangu, alikuwa ametoka nje mbio bila kufikiri. Tulisimama kila mtu upande wake wa nyumba, nikamsikia anacheka, nami nikacheka, halafu hatukucheka tena. Tulikuwa tumechelewa. Heshima ilikuwa imeshaingia mwilini.

Siku ya maziko wanawake walinishika mkono kwenda kumuaga, kwa kuwa sasa ruhusa ilikuwepo. Kwenye jeneza nilimkuta mtu nisiyemfahamu. Uso niliokuwa nao mimi miaka yote ni wa mwanamume mdogo kuliko nilivyo mimi leo, anafuta macho kwa kucheka. Huyu alikuwa kikongwe. Nilimtazama mpaka wakaniondoa, na bado sikumwona vya kutosha.

Ndiyo maana leo mchana, Salome akiwa sokoni, niliingia jikoni kwangu nikasimama karibu na ukuta unaopakana na sebule. Ni ukuta wa matofali ya saruji, hauna tundu lolote. Nilisimama hapo muda, na yale niliyokuwa nimeshindwa kuyasema jioni ile yakanitoka yote.

Jioni Salome akaleta chakula. Akakiweka kwenye ile meza, akatunawisha, akachukua sahani yake. Gwakisa alikuwa anakung'uta maji mikononi, hakugeuka. "Salome," alisema. "Kiti chako hiki hapa." Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile nzito ambayo uzee umempa bila yeye kujua. Salome akanitazama kuuliza kama amesikia sawa. Nikamvutia kiti. Akakaa pembeni kabisa, nusu ya mwili iko hewani, macho kwenye ugali. Gwakisa akasali mfupi. Tukala. Nikadhani yameishia hapo, na hata hayo yalikuwa mengi.

"Leo umeona nini?" Gwakisa akauliza.

"Mimi, baba?"

"Wewe. Ulichokiona kwa macho."

Salome alifinyanga tonge muda mrefu. Gwakisa akasubiri.

"Nimerudi sokoni," alisema hatimaye, taratibu, "nikamkuta mama yuko jikoni peke yake. Anaongea na ukuta."

Gwakisa akaacha kutafuna. Akanitazama mkabala, mahali pale pale alipokuwa anakaa akimjibu baba yake mvua na ukungu, na macho yake yakajaa.

"Ulikuwa unauambia nini?"

"Nilikuwa naujibu," nikasema, nikamsogezea Salome bakuli la mboga.